Shamba la Mama, Samadi ya Baba

Leo nataka kukueleza habari ya mashamba mawili ya mahindi. Mashamba hayo ni ya nyumba moja, mkoani Simiyu. Kati yake ipo njia nyembamba ya ng'ombe tu. Udongo ni mmoja. Mvua ni moja. Mbegu ilitoka katika mfuko mmoja. Siku za kupanda zilipishana kwa siku tatu.

Mwezi wa Februari mwaka 2021 nilisimama katika njia hiyo. Upande wa kulia mahindi yalikuwa marefu kuliko mimi, yamebeba vizuri. Upande wa kushoto yalinifika kifuani. Majani yake ya chini yalikuwa ya njano, na magugu yalikuwa yamejaa kati ya mistari.

Nilimwuliza kijana aliyekuwa akipitisha ng'ombe, "Mashamba haya ni ya nani?"

Akajibu, "La kulia ni la baba. La kushoto ni la mama."

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 15. Siku ile nilifanya haraka isiyomfaa mtu wa kazi yangu. Nilitoa daftari nikaandika: mwenye shamba la kushoto hajui kupalilia, afundishwe.

Baada ya muda mwenyewe akaja, ndoo ya maji kichwani, mtoto mgongoni. Tukasalimiana. Nikamwambia, "Mama, mbona mahindi yako yamenyong'onyea hivi, na ya baba yamesimama?"

Aliishusha ndoo polepole. Akaniuliza, "Bwana shamba, wiki iliyopita ulipita hapa. Uliona watu wangapi katika shamba la kulia?"

"Niliona watano. Wewe, baba na watoto watatu."

"Na hili la kushoto hupaliliwa na nani?"

Nikanyamaza.

"Ni mimi peke yangu," akasema. "Tena ni jioni, nikitoka huko kulia. Samadi ya zizi letu ilikuwa mikokoteni 12. Yote ilikwenda kwa baba. Kwangu haukuja hata mmoja. Sasa unaniuliza mahindi?"

Kisha akaongeza neno lililonichoma zaidi. "Miaka minne unafundisha kilimo kijijini hapa. Mimi hujaniita hata siku moja."

Jioni ile nilifungua daftari la mafunzo. Lilikuwa na majina 47. Majina ya wanawake yalikuwa 6. Kati ya hao 6, watano walikuwa wajane. Yaani katika daftari langu mwanamke aliandikwa mkulima baada ya mumewe kufa.

VIJIJI SITA VYA BURKINA FASO

Nilidhani jambo hili ni la kijiji kile tu. Nilipoanza kuuliza na kusoma, nikaona kuwa watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi katika nchi nyingi zinazoendelea. Mtafiti ni mtu anayechunguza jambo kwa kupima na kuhesabu, si kwa kusikia maneno ya watu.

Chukua nchi ya Burkina Faso, huko Afrika Magharibi. Ni nchi kavu, iliyo kusini mwa jangwa la Sahara. Wakulima wake hulima mtama, uwele, mahindi, karanga na pamba. Katika nyumba nyingi za huko mume ana mashamba yake na mke ana yake, kama katika nyumba ile ya Simiyu.

Kuanzia mwaka 1981 hadi 1985 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya nchi kame, kiitwacho ICRISAT, kilituma watu wake katika vijiji 6 vya nchi hiyo. Walifuatilia nyumba zipatazo 150. Hawakuuliza baba wa nyumba peke yake kisha wakaondoka. Waliandika habari za kila shamba peke yake: ukubwa wake, zao lake, mbolea iliyotiwa, nani alifanya kazi humo na kwa muda gani, na mavuno yaliyopatikana.

Mtaalamu mmoja wa uchumi kutoka Marekani, Christopher Udry, alizichukua hesabu hizo akazichambua. Mwaka 1996 alitoa matokeo yake. Swali lake lilikuwa rahisi. Katika nyumba moja, mwaka mmoja, zao moja, je, shamba la mke na shamba la mume hutoa mavuno sawa kwa eneo lililo sawa?

Hayatoi sawa. Shamba la mke lilitoa pungufu kwa asilimia 30 hivi. Asilimia 30 ni 30 katika kila 100. Yaani pale mume alipopata debe 10, mke katika eneo kama hilo alipata debe 7.

Kwa nini? Udry alitazama mahali mashamba yalipo na aina ya udongo. Sababu haikuwa hiyo. Ndipo alipotazama nguvu za watu na samadi. Nguvu za wanaume na za watoto zilielekezwa zaidi kwenye mashamba ya waume. Samadi nayo, karibu yote, ilikwenda huko huko.

Halafu akapiga hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya nikae chini nifikiri. Kama nyumba hizo zingegawanya vizuri zaidi samadi na nguvu zilizokuwa nazo tayari, mavuno ya nyumba nzima yangeongezeka kwa asilimia 6 hivi. Bila kununua jembe jipya. Bila kukopa. Bila kufyeka pori. Mavuno hayo yalikuwa yakipotea ndani ya nyumba zenyewe, kila mwaka, na hakuna aliyeyaona.

SAHANI YA NNE

Ndugu msomaji, huenda wewe ni baba wa nyumba na umeanza kukunja uso. Unasema: samadi ni ya ng'ombe wangu, na mahindi ya shamba langu yanaliwa na wote. Subiri kidogo. Tuhesabu pamoja.

Mtu mwenye njaa mpe sahani moja ya ugali. Sahani hiyo itamrudishia nguvu. Mpe ya pili, ataila na kushukuru. Mpe ya tatu, ataidonoa. Ya nne ataiacha, au ataila na kuumwa tumbo.

Shamba nalo ni hivyo hivyo. Mkokoteni wa kwanza wa samadi katika ekari iliyochoka huleta mabadiliko makubwa. Wa pili huleta mabadiliko pia. Lakini kila unapoongeza mkokoteni katika ekari ile ile, faida ya mkokoteni wa mwisho inakuwa ndogo kuliko faida ya ule uliotangulia. Basi ukimwaga mikokoteni yote 12 upande wa kulia wa njia, na upande wa kushoto ukauacha mtupu, ile ya mwisho unailisha shamba lililokwisha kushiba. Ng'ambo ya njia shamba jingine lina njaa.

Palizi ni vile vile. Mahindi hayavumilii magugu katika wiki 6 za kwanza. Palizi moja iliyofanywa kwa wakati wake ni bora kuliko palizi tatu zilizochelewa. Watu watano wakipalilia shamba la kulia mara ya pili wakati la kushoto halijapaliliwa hata mara moja, kuna mahindi yanayopotea hapo. Nimeona hivyo mara nyingi, na kwa miaka mingi niliwasifu wenye shamba la kulia.

NANI ALIFUNDISHWA?

Sasa nirudi kwenye daftari langu, maana aibu hiyo si ya mimi peke yangu.

Mwanamke mmoja wa Denmark, Ester Boserup, alikuwa mtaalamu wa uchumi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishi India. Mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya kazi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi. Alionyesha kuwa katika sehemu nyingi za Afrika, hasa penye kilimo cha jembe la mkono, sehemu kubwa ya kazi ya shamba ilifanywa na wanawake. Walipokuja wakoloni, na baadaye wataalamu wa kilimo, walidhani kuwa mkulima ni mwanamume, kama walivyozoea kwao Ulaya. Basi wakamfundisha mwanamume. Wakampa mbegu za mazao ya biashara. Wakampa zana mpya. Mwanamke akabaki na jembe lake la zamani na ujuzi wake wa zamani. Mwaka hata mwaka mume akasogea mbele, na pengo likapanuka. Kisha watu wakasema mwanamke hajui kulima.

Nilipoisoma habari hiyo niliona kama mama huyu wa Denmark, aliyekufa mwaka 1999, ameliona daftari langu.

Boserup alizungumza pia juu ya plau. Alisema kuwa penye plau kazi ya shamba huelekea kuwa ya wanaume. Plau inahitaji nguvu nyingi za mikono, na kuwaongoza maksai si kazi ya kufanya na mtoto mgongoni. Mwaka 2013 wataalamu watatu, Alberto Alesina, Paola Giuliano na Nathan Nunn, walilipima wazo hilo kwa kulinganisha jamii nyingi za dunia. Waliona kuwa watu ambao mababu zao walilima kwa plau, hata leo wanawake wao hufanya kazi kidogo zaidi nje ya nyumba, na ni wachache zaidi katika uongozi. Plau yenyewe huenda imeshatupwa siku nyingi, lakini desturi iliyokuja nayo ingali hai.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua plau. Nyumba iliyokuwa ikilima ekari 2 kwa mkono, kwa maksai italima 6. Ni jambo jema. Lakini magugu nayo yanaota katika ekari zote 6, na katika vijiji nilivyofanyia kazi palizi haikufungwa nyuma ya maksai. Imebaki ya mkono. Mkono wa nani, wewe unajua.

KAZI INAYOHESABIWA NA ISIYOHESABIWA

Wazee wetu hawakulinyamazia jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi sana, wakati mwingine saa 12 au 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa vijijini wamekuwa likizoni nusu ya maisha yao. Maneno hayo yaliwaudhi baadhi ya akina baba. Nadhani bado yanawaudhi.

Lakini tuwe waangalifu na hesabu. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa wanawake wa Afrika hufanya asilimia 60 hadi 80 ya kazi yote ya shamba. Hata mimi nimeitaja hesabu hiyo mikutanoni. Watafiti walipohesabu kazi shamba kwa shamba katika nchi 6 za Afrika, walipata wastani wa asilimia 40. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2017. Niger ilikuwa asilimia 24, Ethiopia 29, Nigeria 37. Lakini Tanzania na Malawi zilikuwa asilimia 52, na Uganda 56. Kwa hiyo kwetu Tanzania, katika kila siku 100 za kazi ya shamba, siku 52 ni za wanawake. Mimi sasa nasema 52. Ukisema 80, mzee mmoja atasimama akuonyeshe shamba alilolima mwenyewe, na mkutano utakuwa umekushinda.

Tena hiyo ni kazi ya shamba tu. Maji hayamo. Kuni hazimo. Kutwanga, kupika, kufua, kumwuguza mgonjwa, kumlea mtoto, vyote havimo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikusanya habari za nchi 64 juu ya kazi za nyumbani na za kulea ambazo hazilipwi. Mwanamke hutumia saa 4 na dakika 25 kwa siku. Mwanamume hutumia saa 1 na dakika 23.

Kazi hizo kwa muda mrefu hazikuitwa kazi katika vitabu vya takwimu. Mwuguzi akilipwa kumwosha mgonjwa, serikali huhesabu. Binti akimwosha mama yake mgonjwa miezi mitatu, haikuhesabiwa kitu. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi wa nchi mbalimbali walikutana Geneva wakakubaliana kuwa kazi isiyolipwa nayo ni kazi, na ipimwe. Wewe huhitaji kwenda Geneva. Hesabu mwenyewe nyumbani kwako, kutoka jogoo la kwanza mpaka moto unapofunikwa, nani ameketi lini.

HAPA KWETU

Mwaka 2015 ilitolewa taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na Benki ya Dunia juu ya Malawi, Tanzania na Uganda. Walilinganisha mashamba yanayosimamiwa na wanawake na yale yanayosimamiwa na wanaume, wakizingatia ukubwa wa shamba na hali ya mahali. Malawi pengo lilikuwa asilimia 28. Tanzania asilimia 16. Uganda asilimia 13.

Walikadiria kuwa Tanzania ikiliondoa pengo hilo, pato la taifa litaongezeka kwa dola za Marekani milioni 105. Na sababu kubwa kuliko zote hapa Tanzania ni ipi? Si mbegu. Ni kwamba mashamba ya wanawake yanakosa nguvu za wanaume wa nyumbani. Maneno yale yale ya mama wa Simiyu aliyeshusha ndoo: wewe uliona watu wangapi upande wa kulia?

Baadaye, mwaka 2023, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa hesabu ya dunia. Kati ya mashamba ya ukubwa ulio sawa, yale ya wanawake hutoa pungufu kwa asilimia 24.

MIFUKO MIWILI

Baba mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mfuko wa nyumba ni mmoja. Iwe kwa mama au kwangu, ni kitu kile kile."

Hilo nalo limepimwa. Cote d'Ivoire ni jirani ya Burkina Faso upande wa kusini. Huko pia mume na mke wana mazao yao. Mvua ya mwaka fulani huweza kulifaa zaidi zao la mke, na ya mwaka mwingine ikalifaa zaidi zao la mume. Esther Duflo na yule yule Udry waliangalia fedha zilikwenda wapi katika miaka hiyo. Walitoa matokeo mwaka 2004. Mvua ilipoyapendelea mazao ya wanawake, nyumba ilitumia zaidi kwa chakula. Ilipoyapendelea mazao ya biashara ya wanaume, fedha zaidi zilikwenda kwenye pombe na tumbaku.

Lakini usicheke upesi, mama msomaji. Lipo zao la viazi vikuu. Zao hilo huko ni la wanaume, lakini mila inasema mapato yake ni ya kuitunza nyumba. Mwaka wa viazi vikuu vingi, fedha zilikwenda kwenye chakula na masomo ya watoto. Basi si kwamba mkono wa mwanamume hauwezi kununua daftari. Neno ni kwamba kila fedha ina jina, na nyumba hulijua jina hilo.

MSIMU WA PILI

Nilirudi katika nyumba ile ya Simiyu kabla ya mvua za mwaka 2021 kuanza. Baba wa nyumba alinikaribisha chini ya mwembe. Nilipomaliza kueleza, alinitazama sana. "Umetumwa na mama watoto?" akauliza.

Nikamwambia sikutumwa. Nilichora mistari 12 mchangani kwa kijiti, mikokoteni ya samadi. Nikamwuliza ule wa mwisho unamletea nini. Si mtu wa maneno mengi. Alifuta mistari minne kwa kidole cha mguu. "Hiyo apewe," akasema. Akakubali pia kwamba wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, yeye na watoto watapalilia shamba la mama asubuhi mbili.

Mimi nami nilikuwa na langu la kufanya. Mafunzo yangu yalikuwa saa 4 asubuhi, wakati akina mama wako shambani au kisimani. Niliyahamishia saa 10 jioni, karibu na kisima. Msimu huo niliandika wanawake 29, na wengi wao waume zao walikuwa hai.

Mwaka 2021 shamba la mama, ekari 1, lilitoa magunia 4. Mwaka 2022 lilitoa magunia 7. Shamba la baba, ekari 2, lilitoa magunia 20 mwaka wa kwanza na 19 mwaka wa pili. Jumla ya nyumba ilikuwa magunia 24, ikawa 26. Sisemi kuwa huu ni utafiti. Ni nyumba moja tu, na mvua za miaka miwili haziwi sawa. Lakini ghalani yalikuwamo, na mimi niliyahesabu.

Mama aliuza magunia 2. Alinunua sare za watoto wawili na mbuzi jike.

SASA SHAMBA LIMEKUWA ZURI

Ningependa habari iishe hapo. Haikuisha hapo.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mama alikuja kwangu jioni. Nilimpa kiti, hakukaa. Alisema baba ameona shamba la kushoto sasa lina rutuba, anataka kulichukua alime pamba. Yeye atapewa jingine kule juu kwenye mawe.

"Bwana shamba," akaniambia, "ulinifundisha kulipa shamba nguvu. Hukunifundisha kulishika."

Sikuwa na jibu. Katika chuo cha kilimo tulifundishwa nafasi za kupanda na wadudu waharibifu. Hilo halikuwamo.

Yalitokea pia Gambia. Huko wakulima wa mpunga tangu zamani ni wanawake. Katika miaka ya 1980 uliletwa mradi mkubwa wa umwagiliaji kandokando ya Mto Gambia, mahali paitwapo Jahaly na Pacharr, na wanawake walikusudiwa kupata mashamba humo. Maji yalipokuja na ardhi ikapata thamani, mashamba mengi yaliitwa mashamba ya nyumba, na msimamizi wa nyumba ni mwanamume. Wanawake waliendelea kufanya kazi humo, lakini wengine waligoma, na wengine wakadai walipwe.

Na kama mtu hana hakika na ardhi yake, hataitunza. Hili lilionyeshwa Ghana, katika eneo la Akwapim, na Markus Goldstein na Udry, mwaka 2008. Wakulima wa huko hulima mihogo na mahindi, na ardhi hupata nguvu kwa kupumzishwa. Wanawake walipumzisha mashamba yao kwa muda mfupi kuliko waume zao, na mavuno yao yakawa madogo. Hawakuwa wajinga wa kilimo. Waliogopa kwamba wakiliacha shamba lipumzike, wenye sauti katika ukoo watampa mtu mwingine.

Sheria yetu iko upande wa mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mke anaweza kumiliki mali yake kama mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Inasema pia kuwa mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria. Halmashauri ya kijiji haitakiwi kulipokea ombi la mwanamke kwa ugumu kuliko la mwanamume. Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kuandikwa jina la mke, au majina ya mke na mume pamoja. Na katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu ni lazima wawe wanawake. Kama kwenu hawamo, ulizeni.

Nilimpeleka mama kwa mtendaji wa kijiji, akaelezwa hayo yote. Baba naye aliitwa. Hakukataa. Alisema atalifikiri, maana ni jambo la ukoo, na kaka yake mkubwa yuko mbali. Shamba la kushoto aliliacha mikononi mwa mama, kwa mdomo, msimu kwa msimu. Mama ameendelea kulilima hivyo hivyo. Mwaka huu alijaza ombi la hati. Kikao cha kulijadili kimeahirishwa mara mbili.

Wiki iliyopita nilipita katika njia ile ya ng'ombe. Mikokoteni minne ya samadi imemwagwa upande wa kushoto, chungu nne zilizopangana. Haijatawanywa. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Nilimwuliza mama anangoja nini.

Akasema anangoja karatasi.